Aliyebaki Ng'ambo ya Daraja

Kijiji cha Mbalibali,
Mugumu, Serengeti,
Mara.

Jumapili, 17 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Efrazia,

Shikamoo Shangazi. Mguu unaendeleaje? Ndugu yangu Joel aliniambia kwamba mlipoongea mara ya mwisho ulikuwa umeanza kuukanyagia chini bila kushika ukuta, nikafurahi sana. Usiwe na haraka ya kurudi sokoni, hao wanunuzi wa mchele watakusubiri. Najua kipindi hiki baridi ya huko Sumbawanga inauma, kwa hiyo vaa lile sweta zito hata kama wajukuu wanakucheka.

Sisi huku ni wazima. Mama kifua kilimsumbua kidogo wakati wa vumbi la kupura mtama, lakini sasa analala vizuri. Joel bado yuko Sirari kwa mawakala wa forodha, na akija nyumbani anaongea Kiswahili cha upande wa Kenya mpaka Mama anamwambia aongee Kikurya tu ndiyo ataeleweka. Mimi naendelea kushona. Sare za shule zimenipa kazi nyingi mwaka huu na mgongo unalalamika, lakini siyo vibaya.

Mahindi yamekubali. Tembo waliingia upande wa chini wa shamba wakajihudumia kama kawaida yao, ila kilichobaki kinatutosha na cha kuuza kipo.

Najua umeshangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Shangazi, hili ninalotaka kukueleza halifai kwenye simu. Ningeanza kulia mimi, ungefuata wewe, na salio lingekatika kabla hatujafika popote. Tena nataka ubaki nayo, uisome tena siku utakayotaka. Anayekuletea ni Emanuel, dereva wa lori anayefahamiana na Joel. Anapeleka mzigo Tunduma na ameahidi kufika mpaka kwako.

Ni habari za Stanslaus. Kaa kwanza. Siyo msiba mwingine, ni ule ule wetu, ila sasa tumejua ulivyokuwa.

Unakumbuka kaka yangu alivyoletwa mwaka jana mwezi wa tano. Jeneza lilikuwa limefungwa. Wanajeshi walimzika kwa heshima zote, wakapiga risasi hewani, wakampa Mama bendera iliyokunjwa. Ofisa akatusomea kwamba Koplo Stanslaus Kornelio alifariki mashariki ya Kongo katika mapambano, akiwalinda wenzake na raia. Basi, hayo ndiyo tuliyoyajua. Siku ile hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuuliza zaidi, na baadaye tukaogopa kuuliza.

Wewe hukuwepo. Nalisema hili taratibu kwa sababu najua linakuuma mpaka leo. Baba alikupigia simu mbele yetu sote akakwambia, "Usije." Alisema alimpeleka Stanslaus kwako asome sekondari, wewe ukamtoa kwenye ng'ombe ukampeleka kwenye bunduki. Ulimweleza kwamba Stanslaus ndiye aliyekwambia baba yake amekubali. Baba akakuita mwongo, akasema unamsingizia mtu ambaye hawezi tena kujibu. Tangu siku hiyo hakutaja jina lako. Ukipiga kwenye simu ya Mama, alikuwa anasimama na kutoka nje.

Na hakulia, Shangazi. Hata kaburini hakulia. Kila aliyekuja kumpa pole alijibiwa maneno yale yale: "Mwanangu hakuogopa." Mchungaji alijibiwa hivyo, mwenyekiti wa kijiji alijibiwa hivyo, hata mama muuza dagaa. Watu wakawa wanamsifu, wanasema huyo ndiye mzee wa Kikurya. Mimi nilikuwa naona anavyokonda.

Sasa nisikilize. Mwezi uliopita, asubuhi moja, mimi na Mama tulikuwa uani tunapukuchua mahindi. Joel alikuwa nyumbani kwa mapumziko. Tukaona gari dogo linaingia kutoka barabara ya Mugumu. Akashuka mama mmoja wa makamo, amejitanda ushungi vizuri, halafu akamsaidia kijana kushuka. Kijana alikuwa na mguu mmoja wa bandia na gongo mkononi. Walisimama pale pale karibu na gari, kama watu ambao hawajui kama wataruhusiwa kufika mlangoni.

Baba alitoka zizini akawasogelea. Yule kijana akamwamkia, "Shikamoo mzee." Tena akaongeza salamu kwa Kikurya, Kikurya kizuri kabisa. Baba akaitikia, akamuuliza yeye ni nani na ametoka wapi.

"Naitwa Swaleh. Nimezaliwa Tarime mjini, na huyu ni mama yangu, Kuruthumu, ana duka la vitenge pale. Nilikuwa Kongo na Stanslaus." Akashika gongo vizuri. "Mzee, yeye ndiye aliyenibeba."

Mama alikuwa na ungo mapajani. Aliusukuma pembeni, mahindi yakamwagika, akanyanyuka akaingia jikoni bila kumsalimia mtu. Niliona aibu, lakini nilimwelewa. Kijana wa watu yuko hai, amesimama uani kwetu, na wa kwake yuko nyuma ya nyumba chini ya udongo.

Bi Kuruthumu hakusubiri kukaribishwa. Alivua viatu, akamfuata Mama jikoni, akakaa chini kwenye sakafu karibu na mafiga. Nilikuwa mlangoni, nikasikia.

"Mama Stanslaus," alisema, "kama mimi ndiye ningekuwa nimezika, halafu wewe uje kwangu na mwanao mzima, ningekufukuza. Nifukuze tu, sitakasirika."

Mama alikuwa amempa mgongo. "Nikikufukuza atarudi?"

"Harudi."

Mama akachochea moto. Mwisho akasema, "Huo moshi utakuumiza macho, sogea huku." Basi yule mama akasogea.

Huku nje Baba alishamkalisha Swaleh kwenye kiti chake mwenyewe, kile cha kuegemea, yeye akachukua kigoda. Akamwambia, "Nieleze. Usinifiche kitu." Swaleh alisema alilazwa Dar es Salaam miezi mingi, akafanyiwa upasuaji mara kadhaa, ndiyo maana hakuwahi mazishi. Aliporudi Tarime alikuwa anapanga kuja kila wiki na kila wiki anashindwa. Mwishowe mama yake alikodi gari akamwambia ingia.

Sasa nakueleza alivyotueleza, Shangazi. Sijaongeza kitu.

Kambi yao ndogo ilikuwa kwenye kilima, kando ya mto. Ng'ambo kulikuwa na kijiji chenye soko, na kilichounganisha ni daraja la mbao, jembamba, watu wanapita mmoja nyuma ya mwingine. Siku za soko wanajeshi walivuka kwenda kufanya doria ili wananchi wauze vitu vyao kwa amani. Kwenye mwisho wa daraja, upande ule wa kijiji, walikuwa wamechimba handaki na kupanga viroba vya mchanga, na hapo waliweka bunduki ya rashasha. Hiyo rashasha ndiyo ilikuwa silaha ya Stanslaus. Walikuwa wanamtania kwamba anaifuta vumbi kama mama anavyomfuta mtoto kamasi.

Siku hiyo soko lilikuwa limeshajaa, waasi wakashambulia kutoka upande wa mashambani. Gari la doria, lililokuwa linaendeshwa na mwenzao anayeitwa Dullah, lilipigwa katikati ya kijiji. Dullah akaumia mgongoni. Swaleh alikuwa anaruka kutoka kwenye gari, risasi ikamvunja mguu juu ya goti. Akajivuta mpaka kwenye kibanda cha mashine ya kusaga nafaka, akajificha nyuma ya ukuta. Wengine walikuwa wanapigana huku wanarudi nyuma, wanawasukuma wananchi kuelekea darajani. Vumbi, kelele, mbuzi wamefunguka wanapita katikati ya watu. Hakuna aliyeona kwamba hao wawili wamebaki.

Aliyeona ni Stanslaus. Wenzake walipofika handakini aliangalia nyuso, akauliza, "Dullah yuko wapi? Swaleh yuko wapi?" Kamanda wao akasema msaada umeshaitwa, wasubiri ufike ndipo waingie tena kwa nguvu. Stanslaus akamjibu, "Afande, huko waliko wanavuja damu." Akampa mwenzake rashasha, akachukua bunduki ndogo, akatoka. Kamanda hakumzuia. Aliwaambia wengine wampigie risasi za kumkinga.

Akafika kwenye gari, akamvuta Dullah, akambeba mabegani. Wakati anapita karibu na mashine ya kusaga, Swaleh akamwita. "Nilimwomba asiniache," Swaleh alituambia, na hapo alikuwa anaangalia chini. "Nilikuwa namwona anabeba mtu mwingine, na bado nikamwomba. Akasema, 'Nakuja, mura, ndugu yangu. Nikisema nakuja nakuja.'"

Na akarudi, Shangazi. Alimfikisha Dullah handakini, akageuka, akapita tena kwenye uwazi ule ule, na sasa waasi walikuwa wameshafika kwenye nyumba za mwanzo. Aliingia kwenye kile kibanda akipumua kama ng'ombe aliyekimbizwa. Akafungua mkanda wa bunduki ili amfunge Swaleh paja, damu ikome. Nitaieleza vizuri sehemu hiyo baadaye, maana Swaleh hapo aliipita haraka.

Alipombeba, Swaleh alianza kuona giza, anataka kusinzia. Stanslaus akawa anamtukana kwa Kikurya. "Wewe mtoto wa mjini, umekula nini, mbona mzito kama gunia la muhogo mbichi! Usilale! Nitajie maduka ya Tarime, kuanzia stendi mpaka kwa mama yako." Swaleh akaanza kutaja: duka la dawa, mwenye spea za baiskeli, hoteli ya chapati, fundi viatu. Akiruka moja, Stanslaus anamkatalia, "Umemsahau muuza mitumba, anza upya!" Hivyo hivyo, risasi zinapiga kuta, mpaka wakaangukia handakini.

Hapo Joel alicheka. Alicheka na machozi yanatoka, kwa sababu sote tulimsikia Stanslaus ndani ya maneno hayo.

Lakini darajani bado kulikuwa na watu. Kina mama wenye watoto mgongoni, wazee, wanapita mmoja mmoja, mbao zinatikisika. Waasi wangefika mdomo wa daraja wangewamaliza wote. Ilibidi majeruhi wavushwe, na ilibidi mtu abaki kwenye rashasha mpaka wananchi waishe. Yule mwenzake aliyekuwa ameishika alikuwa ameshapigwa mkono. Stanslaus akasema, "Hii bunduki ni yangu. Mbebeni huyu." Akamshusha Swaleh mikononi mwa wenzake, akampa chupa yake ya maji, akalala nyuma ya viroba.

Swaleh alivushwa. Alilazwa kwenye mteremko wa kilima, na kutoka pale hakuona kitu, alisikia tu. "Nilikuwa naisikia bunduki yake," alisema. "Inaongea, inanyamaza, inaongea. Kila ikinyamaza nilikuwa nahesabu moyoni, basi, basi, basi. Halafu inaongea tena."

Watu wakaisha darajani. Kamanda akamwita kwenye redio, akamwambia avuke sasa, wao watamkinga. Stanslaus akajibu, na waliokuwa karibu na redio wote walisikia. Alisema, "Nimepigwa, afande. Miguu haisimami. Msije. Nitawashikilia hapa."

Wenzake wawili walijaribu hata hivyo, wakarudishwa na risasi. Bunduki iliendelea kidogo. Halafu haikuongea tena.

Msaada ulipofika waasi walikimbia, wenzake wakavuka. Walimkuta pale pale nyuma ya viroba. Upande wa darajani hakukuwa na mwananchi hata mmoja aliyeuawa, Shangazi. Hata mmoja. Na Dullah yuko hai, yuko kambini Tabora, ana watoto. Siku hiyo Swaleh alimpigia simu akamwambia yuko nyumbani kwa Stanslaus. Tulisikia tu mtu mzima analia upande wa pili, hakuweza hata kutoa salamu.

Baba alisikiliza yote bila kutikisika. Ndipo Mama akatoka jikoni. Alikuja na macho mekundu, Bi Kuruthumu nyuma yake, akasimama mbele ya Swaleh. Hata salamu hakutoa.

"Nikuulize kitu kimoja. Aliogopa?"

Baba akamwahi. "Hakuogopa. Umesikia alivyofanya. Mwanangu hakuogopa."

"Sijakuuliza wewe," Mama alisema. Unajua Mama hajawahi kumjibu Baba hivyo mbele ya wageni.

Swaleh alimwangalia mama yake kwanza, kisha akamgeukia Baba. "Mzee, uliniambia nisifiche. Nisamehe. Aliogopa."

Akaieleza sasa ile sehemu ya kwenye kibanda. Alisema Stanslaus alipotaka kumfunga mkanda pajani mikono ilitetemeka mpaka akashindwa kuupitisha. Alijaribu, ukamponyoka. Alijaribu tena, ukamponyoka. Akakaa chini sakafuni kwenye unga, akamshika Swaleh bega, akasema, "Swaleh, naogopa, mura. Naogopa sana." Stanslaus akafuta uso kwa mkono, akasema, "Haya, shikilia hapa wewe, mimi nifunge." Wakafunga pamoja. Halafu akaangalia nje, akambeba.

"Mimi nimeona watu wengi vitani," Swaleh alisema. "Wapo wasioogopa kwa sababu hawajui kitu. Yeye alijua. Aliogopa, na akatoka na mimi mgongoni."

Mama akakaa chini. Akasema kwa sauti ndogo, "Huyo ndiye mwanangu. Alikuwa anaogopa hata radi. Anakuja kitandani kwangu mkubwa mzima." Akamshika Swaleh ule mguu uliobaki akauwekea mkono, akauacha hapo.

Baba alisimama akaenda zizini. Joel akataka kumfuata, Mama akamkataza. Tulidhani amekasirika. Baadaye tukasikia, na mwanzoni sikujua ni sauti ya nini. Sijawahi kumsikia Baba analia, Shangazi, labda wewe uliwahi mkiwa watoto. Alilia kama mtu anayetoa kitu kilichomkwama. Ng'ombe walisogea pembeni wakamwachia nafasi. Hakuna aliyemwendea, na nadhani ilikuwa sawa.

Alirudi akiwa ameshika kamba ya beberu. Akampa Swaleh kisu akasema, "Chinja wewe, ili mama yako ale kwangu bila wasiwasi." Joel alishika beberu, Swaleh akainama kwa shida na ule mguu wake, akachinja. Bi Kuruthumu na Mama wakapika pamoja. Nilisikia wanabishana kuhusu chumvi, nikajua mambo yamekaa sawa.

Kabla ya kula Swaleh aliomba apelekwe kaburini. Aliweka gongo chini, akajinyoosha, akapiga saluti. Alitetemeka kwa kukosa nguvu, Joel akasimama nyuma yake asianguke, lakini hakumgusa. Mama yake aliomba dua kwa namna yao, Mama akaomba kwa namna yetu. Hiyo ndiyo ibada tuliyofanya.

Sasa Shangazi, hapa ndipo habari inakufikia wewe.

Tulikuwa tunakula. Watu walikuwa wamelegea kidogo, na Joel akamuuliza Swaleh jinsi kaka alivyokuwa kambini, siku za kawaida. Swaleh akaanza kucheka. Akasema Stanslaus alikuwa na hadithi moja aliyoipenda, ya jinsi alivyoingia jeshini, na akipata askari mpya lazima amsimulie.

"Anasema, 'Nilimwambia shangazi yangu, baba amekubali, amesema niende. Shangazi akaniuliza, una hakika? Nikaapa. Akasema, basi ngoja nimpigie kaka yangu nimshukuru. Nikamwambia, usisumbuke, simu ya mzee imeharibika. Akanipa nauli na vitumbua vya njiani. Mzee anakuja kujua, mimi nimeshanyolewa nywele!' Basi sisi tunacheka. Lakini akimaliza anasema kila mara, 'Nikipata likizo nitawakalisha wote wawili niwaombe radhi. Yule mama nilimdanganya, na anavyonipenda haikuwa haki.'"

Nilimwangalia Mama, Mama akamwangalia Baba. Swaleh aliona tunaangaliana, akaogopa. "Nimesema vibaya?"

Baba alikuwa ameshika tonge. Alilirudisha kwenye sahani. "Alisema hivyo kwa mdomo wake?"

"Ndiyo mzee. Mara nyingi."

"Na habari ya simu kuharibika?"

"Ndiyo."

Baba akanawa mikono. Akasema, lakini hakuwa anasema na sisi, "Efrazia aliniambia hivyo hivyo. Hata hilo la simu alinitajia. Nikamwita mwongo." Akatoka nje akakaa mpaka wageni walipoaga.

Nilitaka kukupigia siku ile ile. Mama akaniambia niache, neno hilo litoke kwa mwenyewe. Kwa hiyo tukasubiri, na unamjua kaka yako, hafanyi kitu kwa kusukumwa. Nilichoona ni kwamba amebadilika kidogo kidogo. Juzi mnadani mzee mmoja alimwambia, "Mwanao hakuogopa, Kornelio." Baba akamjibu, "Aliogopa. Aliogopa na akaenda." Joel ndiye aliyekuwepo akanisimulia.

Mama na Bi Kuruthumu wanapigiana simu kila Ijumaa jioni kama dada na dada. Mama alikwenda Tarime akalala kwake siku mbili, akarudi na kitenge na malalamiko kwamba huko chai wanajaza tangawizi. Swaleh ameanza kukaa dukani. Anasema bado mguu ambao haupo unamuuma, na siku nyingine hataki kuonana na mtu. Mama anamwambia aje huku akae na ng'ombe, wao hawaulizi maswali. Amekuja mara mbili.

Leo tumetoka kanisani, nikakaa kwenye cherehani, Baba akaja akasimama mlangoni. Akauliza, "Una karatasi?" Nikasema ninayo. Akasema, "Mwandikie shangazi yako. Mweleze yote alivyoeleza yule kijana, usipunguze." Ndiyo barua hii. Amekaa hapa karibu tangu nilipoanza, anajifanya anasokota kamba ya ndama, na kila mara anauliza nimefika wapi. Nilipomwambia nimefika kwenye yeye mwenyewe, alifikiri, kisha akasema, "Andika kwamba nilimkataza dada yangu kuja kumzika mtoto aliyemlea. Andika hivyo hivyo, usipambe." Nimeandika, Shangazi, hivyo hivyo.

Tunataka kusimika msalaba na kujengea kaburi mwezi wa kumi, mvua zisipowahi. Mchungaji ameshakubali. Bi Kuruthumu na Swaleh watakuwepo, na Dullah akipewa ruhusa atakuja na familia yake. Joel amesema atakufuata mpaka huko Sumbawanga, mtakuja kwa mapumziko, mnalala Tabora au popote mguu utakapochoka. Chumba chako Mama ameshakipaka udongo upya.

Usijilaumu tena kwa ile nauli. Ulimpa mtoto aliyekuapia. Na vile vitumbua alivyokuwa navyo njiani, alivisimulia mpaka Kongo.

Wasalimie binamu zangu wote, Frida na mume wake, na wajukuu wanaokucheka kwa sweta. Mwambie Frida gauni lake nimelimaliza, litakuja na Joel. Mama anakusalimu sana, anasema ana maneno mengi ila anayaweka mpaka mtakapokaa jikoni wawili. Mungu akuimarishe huo mguu na akupe safari njema, akufikishe kwetu ukiwa na nguvu.

Ni mimi binti yako wa huku Mbalibali, ninayekungoja kwa hamu,

Nice

Shangazi, nilikuwa nafunga bahasha Baba akaninyang'anya kalamu. Haya hapa chini ni ya kwake mwenyewe.

Dada Efrazia. Ni mimi Kornelio. Njoo.